Siti ya Nyuma ya Ndugu Basi

Pale Santaquin, mji mdogo wa chini ya milima, kwenye kona ambapo duka la matairi la Verl limepakana na dirisha la kuuzia soda, kuna benchi ambalo si benchi. Ni siti ya nyuma ya gari, siti ya watu wanne, imepasuka upande mmoja, mikanda yake bado inaning'inia, nayo imeegemezwa ukutani juu ya magogo mawili. Hapo ndipo wanaume wa mtaa hukaa kila Jumamosi asubuhi kunyoosha mambo ya dunia, mashamba ya cheri yakiwa yameshanyweshwa na wake zao wakiwa wameshasema ya kusema. Kahawa hawanywi, dini yao haitaki. Lakini usidanganyike. Ile soda yao iliyotiwa tui la nazi, ndimu na barafu, kwenye kopo ambalo ungeweza kumwogeshea mtoto mchanga, inafungua midomo kuliko kahawa yoyote.

Jumamosi hiyo walikuwa wanne na siti ilikuwa imejaa. Wa kwanza LaMar Beddoes, ambaye bado anaitwa Askofu ingawa kazi ya kuwasimamia waumini wa mtaa alishapumzishwa zamani akawekwa mwingine. Jina limemganda na yeye hajajisumbua kulibandua. Wa pili Verl mwenyewe, mwenye duka, wanamwita Nati. Wa tatu Rulon Wride, anayeitwa Redio, na utamwelewa akianza. Wa nne ni Thayne Ostler, fundi wa mabomba ya kunyweshea bustani, baba wa watoto sita. Huyu wanamwita Ndugu Basi. Mbele za watu hulicheka jina hilo. Akifika nyumbani hanuni wala hacheki, anakwenda tu kukaa chooni muda mrefu kuliko haja yenyewe.

Jina lilitokana na gari lake, van nyeupe ya watu kumi na tano, iliyokuwa imeegeshwa hapo hapo mbele yao. Ubavuni bado unasomeka mwanzo wa jina la kampuni iliyokuwa ikibebea nalo wafanyakazi wake, maana Thayne alikwangua maandishi akachoka katikati. Watoto wa mtaa wanaliita gari la wafungwa. Binti yake mkubwa, Brynlee, siku hizi anaomba ashushwe mbali na shule, eti anapenda kutembea. Asubuhi hiyo kioo cha mbele kilikuwa na karatasi mpya: INAUZWA.

Katikati ya miguu ya Thayne kulikuwa na makopo mawili ya soda. Moja lake. La pili halikuwa na barafu hata kipande.

– Kwa hiyo leo ndiyo leo, Basi, alisema Nati. Unachukua gari lipi?

– Tahoe. Yadi ya magari ya Payson wananishikia mpaka saa kumi.

– Ile ya kati?

– Ya kati.

– Sio Suburban.

– Suburban ni ndefu, Nati. Haiingii kwenye banda langu la gari.

– Banda lina nini?

– Ngano.

Hapo hakuna aliyeuliza zaidi. Kila banda mtaani lina ngano, ndoo juu ya ndoo, na maharage na maziwa ya unga, akiba ya kuwavusha mwaka kama dunia ikiharibika. Ya kwa Thayne ilikuwa nyingi kupita kawaida kwa sababu ilikuwa ya nyumba mbili. Baba yake alipofariki, mama yake, Bibi Ardith, alihamia kwake, na ngano ikahamia naye, pamoja na rafu ambazo marehemu alizipigilia kwa mkono wake. Rafu hizo ndizo zilizokula ile nafasi ambayo Suburban ingeitaka.

– Na ninyi mko wangapi? aliuliza Redio, kama vile hajui.

– Wanane.

– Tahoe inabeba wangapi?

– Wanane.

– Sasa tunabishana nini?

– Wewe ndiye umeanza kubisha, alisema Nati. Mwenzako ametaja gari tu.

Askofu alikohoa. Akikohoa hivyo watu hujiweka sawa, ni mazoea ya kanisani.

– Mimi nitasema kama kaka yako, Ndugu Ostler. Mtu akinunua gari lenye siti sawasawa na watu wake, ni kama anamwambia Mungu ameshafunga duka.

– Askofu, mke wangu Marnie ana miaka arobaini na tatu.

– Sara alikuwa na tisini.

– Kamwambie wewe, alisema Nati. Mimi nitasimama ng'ambo ya barabara nikuone unavyotoka.

– Nasema tu jambo la imani.

– Imani yako ina watoto watatu, LaMar, na wote ulikuwa unawabeba kwenye gari dogo. Sikia, Basi. Usimsikilize. Gari refu linaharibu watoto. Dada yangu Lorraine kule Nephi si alinunua Suburban? Ile siti ya tatu iko mbali mno, sauti ya mzazi haifiki. Mwaka haujaisha, wale wa nyuma wakawa na serikali yao.

– Serikali gani?

– Serikali. Walikuwa na kiongozi. Walikuwa wanapiga kura. Lorraine anaendesha, huku nyuma watu wanapitisha sheria. Siku moja amesimama kituo cha mafuta anahesabu watoto, anakuta mbwa.

– Mbwa wao?

– Wao hawafugi mbwa. Mpaka leo hajulikani alipandia wapi. Na walishampa mkanda, amefungwa vizuri kabisa.

Thayne alicheka pamoja nao. Alijisikia nafuu. Alikuwa amekuja hapo kutafuta kitu kimoja tu, asikie wanaume wenzake wakisema gari la kati ndilo, kisha aende Payson akaweke sahihi na roho yake imetulia. Na alitaka mabishano yaendelee hivyo hivyo, marefu, ya kipuuzi, ya urefu wa gari. Urefu ulikuwa mahali salama.

– Nyie mnaongea mambo ya watoto, alisema Redio. Angalieni historia. Babu zetu walivuka nyika kuja huku na nini? Na mikokoteni. Mifupi. Mtu na mkokoteni wake, na watoto juu.

– Wa mikokoteni ndio walioganda na theluji, Redio.

– Waliganda kwa kuchelewa kuondoka. Sio kwa ufupi. Waliokuja na magari marefu ya ng'ombe walikwama mitoni, wakatupa piano, wakatupa makabati, ndoa zikaingia doa. Ukweli huo hausemwi kwenye mafundisho ya Jumapili kwa sababu wajukuu zao bado wana vyeo kanisani.

– Nani walitupa piano?

– Kina Beddoes.

– Sisi hatukuwahi kuwa na piano, alisema Askofu.

– Si ndiyo nasema.

Hata msichana wa dirisha la soda alicheka, akajifanya anafuta kaunta. Askofu aliangalia barafu yake ikiyeyuka, akaona si vizuri mjadala umwache hapo.

– Haya. Na ile siku ikifika? Siku tutakapoambiwa tufunge virago turudi Missouri kumngoja Bwana, kama wazee walivyokuwa wakituambia? Ngano yote ile ataipakia wapi, kwenye Tahoe? Ukiinua siti ya tatu, nyuma inabaki nafasi ya mkate na mwavuli.

– Kwa hiyo achukue ndefu, alisema Nati, ambaye hugeuka upesi kama tairi lake.

– Ndefu ndiyo ya kwanza kukamatwa, alisema Redio, sauti ameishusha. Mmeshajiuliza kwa nini ile ya kati waliikatia pale pale? Kwa nini isizidi kidogo? Ni zile setilaiti. Haziwezi kuona kitu kilicho chini ya urefu fulani. Tahoe inapita chini yake. Suburban wanaiona mpaka rangi ya soksi za dereva.

– Nani wanaiona?

– Kama ungejua ni nani, Nati, ungekuwa bado unauza matairi?

Ilipofika hapo mambo yalikuwa yamenoga. Lakini Askofu, ambaye ana moyo mzuri na hajui wakati wa kuuficha, aligeuka upande wa Thayne.

– Na mama yako, je? Kile kiti chake cha magurudumu kitakaa...

– Mama amesema hataki tena safari, alisema Thayne.

– Amesema?

– Mwenyewe. Mezani, kila mtu amesikia. Jumapili ataiangalia ibada kwenye kompyuta.

– Na mkutano wa ukoo, kule Fish Lake? Si ndiko baba yako...

– Amesema ziwa ameshaliona.

– Basi kama amesema mwenyewe, alisema Askofu.

– Wazee wanachoka, alisema Redio.

– Wanachoka, alisema Nati.

Wote wanne wakainua makopo kwa wakati mmoja wakanywa, kama watu waliopewa ishara.

Ni kweli mama yake alisema. Thayne hakudanganya. Ila hakueleza alivyosema. Walikuwa wanakula chakula cha jioni, yeye na mwanawe Kimball wanahesabu siti kwa sauti, mbele wawili, katikati watatu, nyuma watatu, imetosha, baba, imetosha kabisa. Bibi Ardith aliweka uma chini taratibu. Akasema yeye siku hizi gari linamtia kizunguzungu, na kanisa la kwenye kompyuta lina uzuri wake maana mtu unaweza kuvaa ndala. Halafu akaomba asogezewe viazi. Thayne alimsogezea viazi haraka mno. Hakuuliza kizunguzungu kimeanza lini. Marnie alimwangalia mumewe, naye akaangalia viazi.

Gari halikuwahi kumtia kizunguzungu mwanamke yule. Akiwa na miaka sabini alikuwa anaendesha lori la cheri.

Na banda halikuwa sababu. Rafu zinang'olewa. Suburban, ambayo nyuma ingeingia hata kile kiti cha magurudumu, inaweza kulala nje ikanyeshewa theluji kama magari mengine yote ya Mungu. Sababu ilikuwa Jumapili saa tatu, mbele ya kanisa. Kila Jumapili aliegesha lile gari la wafungwa, akafungua milango ya nyuma, akalaza mbao mbili, na mama yake, kwenye kiti chake, akaanza kushuka kinyumenyume mbele ya mtaa mzima. Watu walisimama na tabasamu zao, mlango wameushikilia, hawaingii mpaka amalize. Vijana walikuja mbio kusaidia, mmoja anavuta na mwingine anasukuma. Siku moja kiatu cha mama kilimtoka kikabingirika mpaka miguuni kwa Dada Wride, mke wa Redio, na mguu wenye soksi iliyotoboka ukabaki hewani. Bibi Ardith alicheka hadi akatoa machozi. Brynlee akajifanya anamtafuta mtu upande mwingine. Thayne alisikia masikio yanawaka, na moyoni akasema neno ambalo hajamwambia mkewe wala Mungu, ingawa Mungu nadhani alisikia. Alisema, hii itaisha lini?

Tahoe ingeimaliza. Gari jipya jeusi, milango minne, watu wanane wanashuka wamenyooka, suti, gauni, viatu viwili viwili.

Pikapu ilisimama mbele ya duka. Akashuka mtu mpana, shati limepigwa pasi, akawasalimia mmoja mmoja kwa mkono. Alikuwa Semisi Fonua, Mtonga wa visiwani, aliyehamia mtaani wiki ile ile kutoka West Valley.

– Ndugu Ostler ni yupi?

– Mimi.

– Nimeona tangazo. Sisi tuko kumi na mbili, pamoja na shangazi zangu wawili wasiokubali kuachana. Tahoe haituwezi, Suburban haituwezi. Nikaona gari lako, nikamwambia mke wangu, lile pale limeletwa na Mungu.

– Limeletwa na Ostler, alisema Redio. Mungu yeye ana Suburban.

Semisi alicheka kwa heshima. Akalizunguka gari, akapiga teke tairi, Nati akamwambia matairi hayana neno, ameyauza yeye. Akafungua milango ya nyuma akachungulia. Alichungulia muda. Kisha akasema, kichwa bado kiko ndani:

– Siti ya mwisho iko wapi?

Wanne wale hawakutazamana. Walikuwa wameikalia.

– Hii hapa, alisema Nati, akaipigapiga kwa kiganja. Ilitolewa.

– Nitaihitaji. Kwa nini mliitoa?

Redio, ambaye ana jibu la setilaiti na jibu la piano, alikuwa anatafuta kitu chini ya kopo lake. Askofu alitazama milima. Thayne akaona wanamwachia yeye, na mdomo wake ukafanya haraka kama siku ile ya viazi.

– Tulikuwa tunabeba mizigo, alisema.

Alilisikia neno lilivyotoka. Na wenzake walisikia, aliona kwa namna walivyoacha kutikisa barafu.

Maana walikuwapo siku siti ilipotolewa. Nati ndiye aliyekata zile bolti zilizoota kutu, ikamchukua nusu siku. Redio hana mikono ya kazi, alishika taa na kuongea. Askofu aliranda zile mbao mbili kwenye karakana yake, akazipaka rangi isiyoteleza, na kabla hazijatumika akavua kofia akaziombea, mbao, kama mtu anayeombea safari ya mbali. Bibi Ardith alikuwa kwenye kivuli cha mlango anawapokeza nati na spana alizozipakata. Walipomaliza walimpandisha kumjaribu. Akajifunga mwenyewe zile kamba za sakafuni, akashika mikono ya kiti chake, akasema, sasa hamna namna ya kuniacha. Wakacheka wote. Ile siti iliyotolewa Nati akaibeba mpaka dukani kwake, na toka siku hiyo ndipo kijiwe kikapata mahali pa kukaa.

Semisi alikuwa amepanda ndani, amechuchumaa.

– Hizi reli mbili za bati sakafuni, alisema, na hizi kamba nne. Hii ni kazi ya mtu aliyejali. Hakuna hata ncha ya kukata kidole. Ilikuwa mizigo gani?

Semisi aligeuka, akawatazama mmoja mmoja.

– Nauliza tu, Ndugu Ostler. Kama ni kitu chenye thamani nisije nikazing'oa reli hizi bure. Ilikuwa mizigo gani?

Gari la maji lilipita barabarani. Msichana wa dirishani alizima mashine ya barafu, sijui kwa nini, akasimama na kitambaa mkononi. Askofu ndiye aliyesogea kidogo kwenye siti, kama mtu aliyegundua amekalia kitu cha mwenyewe, lakini pa kusogelea hapakuwapo, walikuwa wamebanana wanne.

Simu ya Thayne ikalia. Alishukuru. Alijua ni yadi ya Payson wanamuuliza anafika saa ngapi, akaipokea bila kuangalia.

Haikuwa yadi. Bibi Ardith masikio yake yamepungua, na akipiga simu huongea kama anayemwita mtu ng'ambo ya shamba la cheri, kwa hiyo benchi zima lilisikia, na Semisi ndani ya gari akasikia.

– Thayne? Umeshapata gari, mwanangu?

– Bado, Mama.

– Ile ya kati au ile ndefu?

Thayne aliangalia chini, katikati ya miguu yake, kopo la pili, lile lisilo na barafu kwa sababu barafu inamuuma mama meno. Alikuwa amelinunua kwanza, kabla ya lake. Alilinunua kila Jumamosi. Alishika kifuniko chake kwa vidole viwili, akakibonyeza, ingawa kilikuwa kimefungwa vizuri.

– Thayne, nauliza. Mtaenea wote?

Semisi Fonua alivua kofia. Akashuka kwenye gari polepole, asitikise kitu, akasimama pembeni ya milango iliyo wazi. Redio alikuwa amefumba macho. Askofu alikuwa ameinamisha kichwa kama siku ile ya kuziombea mbao.

– Mtaenea? Maana isije watoto wakabanana halafu nikawa mimi ndiye nimeshika nafasi na ngano yangu. Rafu zile mzing'oe kama zinawasumbua. Baba yako hatasema kitu.

Upepo ulipiga karatasi ya INAUZWA, ukaiinua ncha moja na kuirudisha.

– Haloo?

Wanne walikuwa wamekaa kwenye siti ya watu wanne.

– Thayne? Upo, mwanangu?